Samaki Niliyemsingizia

Mwanangu, kila nikiona mto umepungua maji, uso wangu hupata moto. Ngoja nikwambie sababu, ingawa mama yako angependa ninyamaze.

Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza Minnesota, tumetoka mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, nami bado najiona kijana. Papa Eliya, mzee wa kanisa letu, alinipeleka kuvua mtoni, upande wa mji wa Savage. Akaniazima chambo chake akipendacho: kisamaki cha plastiki, kifupi kuliko kidole, chenye mdomo mpana wa kukizamisha mpaka chini kikivutwa. Hakuwa akimwazima mtu, hata mchungaji.

"Fiston, kikigonga muti, acha kuvuta. Legeza, kitapanda chenyewe."

Mimi, mtoto wa Tanganyika, nifundishwe kuvua na mtu wa milimani! Alipokwenda kwenye gari kuchukua chai, chambo kikanasa. Nikavuta kwa mabavu, kama tulivyozoea kwetu na mishipi minene. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikata mshipi.

Aliporudi, nikasema samaki mkubwa ameondoka nacho.

Mzee hakuhuzunika hata kidogo. Jumapili, mbele ya sahani za ugali na sombe ya majani ya muhogo, alilisimulia kanisa zima kwa fahari, na mimi, aibu iliyoje, nikawa nampima yule samaki kwa mikono, kila meza anazidi kurefuka.

Agosti maji yakashuka. Papa Eliya akakusanya wanaume wa kanisa twende kumtafuta samaki wangu. Palepale niliposimama siku ile, kigogo kilikuwa kimetokeza nje ya maji, na chambo kimekwama juu yake, kipande cha mshipi kinaning'inia.

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Papa Eliya hakucheka. Aliingia majini na viatu vyake, akakichomoa, akakifunga kwenye mshipi wangu.

"Tupa tena," akasema. "Leo kikigonga, uniite."

Nilitamani anitukane. Nilitupa, na sikuweza kumtazama usoni hadi tuliporudi nyumbani.

Mwanangu, mishipi hukatika kwa kila mtu. Uongo ndio ulionifedhehesha, na njia ya mwongo ni fupi. Siku utakayokwama, usivute. Legeza, useme "nimekosa" kabla jua halijazama. Mungu akupe mkono mwepesi wa kulegeza, na ukikosa, akupe mtu wa kukuazima tena.