Ng'ombe wa Mahari Aliyeruka Italia

Luhaga alikuwa mtu wa maneno machache, na watu wa namna hiyo huonewa. Seminarini wenzake walimwita Ng'ombe Bubu. Hakukasirika, maana alikuwa amesoma kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino, yule mwanafalsafa mkuu wa karne za kati, naye aliitwa hivyo hivyo na wanafunzi wenzake. Akampenda Thoma kama ndugu yake wa tumbo moja.

Alipoacha seminari na kuwa katekista huko Butimba, alitumia miaka kumi na minane kuandika maisha ya Thoma kwa Kiswahili, madaftari saba, ili hata mama muuza dagaa amwelewe: kwamba akili na imani ni watoto wa mama mmoja, hawana sababu ya kugombana.

Soko huria likaingia, kila mwenye mtaji akafungua biashara. Nestory, aliyelala kitanda cha jirani yake seminarini, akafungua kiwanda cha chapa mjini Mwanza. "Nipe, kaka, nikuchapie," alisema. Luhaga akampa madaftari yote, hakubaki na nakala. Mwaka wa kwanza akaambiwa karatasi zimekwama Dar. Wa pili, mashine mbovu. Yote aliyaamini, maskini!

Mwaka 1994 kitabu kikazinduliwa parokiani. Jaladani palikuwa na jina la Nestory peke yake. Luhaga aliketi nyuma na mkewe Bernadeta. Nani angemsadiki akidai ni chake, bila hata daftari moja?

Nestory akasoma kisa cha watawa kule Italia waliomtania Thoma kwamba nje kuna ng'ombe anaruka angani. Thoma akakimbilia dirishani, wakamcheka. Akawajibu kuwa ni afadhali kuamini ng'ombe anaruka kuliko kuamini mtawa anasema uongo. "Na ng'ombe huyo," Nestory akaendelea kusoma, "aliitwa Masika, amevunjika pembe ya kushoto."

Bernadeta akasimama.

"Shemeji, Masika huyo alitoka zizini kwa baba mkwe, akaja kwetu kwa mahari yangu. Italia alikwenda lini?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nestory akapekua kurasa.

Nje Nestory alimkimbilia Luhaga. "Kaka, toleo la pili nilikuwa nimepanga kukutaja wewe. Haki ya Mungu!"

Luhaga akainua uso, akatazama mawingu juu ya ziwa kwa muda mrefu.

"Unatafuta nini, baba Kashindye?" Bernadeta akauliza.

"Ng'ombe," alisema Luhaga. "Hayupo."