Nilivyompokonya Mjukuu Wangu Beseni Jukwaani

Mpaka leo nikienda mjini Bariadi nazunguka nyuma ya soko ili nisipite mbele ya ule ukumbi, na kama mnataka kujua kwa nini mzee wa umri wangu anazunguka kama mwizi wa kuku, basi sogeeni niwaambie mwenyewe, maana heri mnicheke nikiwa nawaona kuliko kuisikia kwa Holo, ambaye kila akisimulia anaongeza maji kwenye lile beseni.

Mjukuu wangu Minza, mtoto wa kwanza wa mwanangu Masanja, alikuwa anajifunza kuigiza pale mjini kwa mwalimu Elisha. Mimi nilidhani kuigiza mtu anazaliwa nako kama kengeza, kumbe kunafundishwa, wanafundishwa kupumua, kutembea, kusimama tu bila kufanya kitu, na hata kulia machozi ya kweli bila kujipaka mate (mimi kwenye msiba wa mama mkwe nilijipaka, Mungu anisamehe, yule mama naye alikuwa na mdomo). Vijana wengine wa mwalimu Elisha walishafika mbali, wapo wanaopanda majukwaa ya Dar es Salaam na wapo wanaoonekana kwenye runinga, na Minza usiku na mchana alikuwa anaota kuwafuata.

Sasa ikatoka habari kwamba wageni wanaotengeneza tamthilia watakuja Bariadi, kila kijana aonyeshe kipande chake, kirekodiwe, na watakaopendeza wapelekwe Dar wakasomee zaidi na kupewa kazi humo humo kwenye tamthilia. Masanja akasema neno lake, na Masanja akishasema harudii: safari hii Minza asipochukuliwa, anarudi kwetu kijijini Mwamapalala kwenye pamba, na habari ya michezo iishe. Hata hiyo nafasi ya mwisho ni mimi niliyemwombea, nilimwambia Masanja mbele ya mkewe kwamba mtoto ule mguu wa kucheza kautoa kwangu, kama anataka kulaumu amlaumu mama yake.

Minza alikuja kuniaga akanishika mikono miwili, akasema, "Bibi, siku hiyo njoo. Ila njoo peke yako, ukae nyuma, utulie."

Nikaitikia. Lakini usiku nikawaza, peke yangu? Hapo ndipo nilipoharibu, kwenye hilo tu, mengine yote yalitoka humo. Kwetu Usukumani nani anakwenda mbinani peke yake? Kwa wasiojua, mbina ni ngoma zetu za kiangazi, watu wakishavuna. Vyama vya wachezaji ni viwili, Bagika wanapiga yao upande huu wa uwanja, Bagalu wanapiga yao upande ule, kwa wakati mmoja, na hakuna mwamuzi wa kupuliza kipenga, waamuzi ni watu wenyewe: wakikaa kwenu mmeshinda, wakihamia kwa wenzenu mmekufa. Ndiyo maana mchezaji hakosi watu wake wa kumsaidia kuvuta umati. Sisi Bagika tulikuwa na Holo wa Migato, ambaye kigelegele chake kilikuwa kinaamsha ng'ombe waliolala, tulikuwa na jirani yangu Kwandu na filimbi yake, na tulikuwa na mimi. Mimi nilikuwa nabeba mtungi kichwani umejaa maji, nacheza, napiga magoti, nainuka, na tone halidondoki. Mtungi ule mwaka mmoja ulihamisha uwanja mzima mpaka manju wa Bagalu akabaki anawaimbia mbwa.

Basi nikawachukua Holo na Kwandu. Nikajiambia, watakaa tu. Sikujua kwamba Kwandu alikuwa ameweka filimbi kifuani (anasema ilikuwa humo kwa bahati mbaya, filimbi ya miaka yote hiyo, kifuani, kwa bahati mbaya).

Ukumbi ulijaa, na madirishani vijana walikuwa wamebanana vichwa. Mbele kabisa alikaa mgeni mkubwa, Bi Rehema, amevaa gauni zuri la kitenge, na pembeni yake kijana anaitwa Godi na mashine ya kurekodi iliyosimama kwa miguu mitatu. Sisi tukakaa nyuma kama tulivyoagizwa. Kijana wa kwanza akaigiza mlevi anayegombana na mlango, watu wakacheka mpaka wengine wakapiga viti. Akafuata aliyeimba na kucheza, makofi mengi. Nikasema moyoni, hii naielewa, hii ni mbina tu ila ina paa.

Ndipo akaingia Minza. Alikuwa na beseni la maji na kigoda, akakaa, akatoa humo ndani kishati cha mtoto, kidogo, cha mtoto wa kutambaa, akaanza kukifua. Hasemi. Anafikicha, anakamua, anakitandaza gotini, anakiangalia, anakirudisha majini, anakifua tena kilekile. Mimi nilijua mchezo wenyewe, alikuwa amenieleza, ni mama aliyefiwa na mtoto. Lakini nilitegemea baadaye atapiga yowe, aanguke, ajigaragaze, kitu cha kuwashika watu. Wapi. Anafua. Ukumbi ukawa kimya mpaka nikasikia povu linavyopasuka.

Holo akaninong'oneza, "Mbona hawashangilii?"

Nikamwambia anyamaze, lakini na mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu vichwa, maana mbinani kimya ni kaburi. Na kama vile haitoshi, nje likapita gari la matangazo ya sabuni, muziki juu, mtangazaji anabwata, na vile vichwa vya madirishani vikang'oka vyote kukimbilia gari. Mlangoni nako wanaume wawili wakanyanyuka wakatoka (baadaye nilielezwa mmoja alikwenda kupokea simu na mwingine kukojoa, lakini mimi wakati ule ningejuaje).

Kwandu akasema, "Tunahamwa."

Jamani, neno hilo. Mwili wangu ulisimama kabla ya akili, nikamwona Masanja na jembe lake, nikamwona Minza kwenye matuta ya pamba anafua kishati kisichokuwepo, na hapohapo Holo akaachia kigelegele, kile kile, umri haujakigusa, filimbi ikaitika, na mimi nikajikuta nakata katikati ya viti kwa mwendo wa mbina mpaka juu jukwaani. Minza akaniangalia. Sikumwangalia mimi, ukishaingia uwanjani hutazami uso wa mtu. Nikainama, nikampokonya kishati mikononi, nikakitupia majini, nikaliinua beseni, nikaliweka kichwani.

Na watu walirudi, msije mkasema hawakurudi. Madirisha yakajaa upya, simu zikainuliwa, kelele, makofi, mtu akapiga mluzi, na mimi nazunguka na beseni langu, tone halidondoki, nikasema moyoni, mjukuu wangu umepona. Ningeishia hapo. Lakini mtungi haukamiliki bila magoti, kwa hiyo nikashuka. Goti la kulia lilikubali. La kushoto likasema mimi sikushirikishwa.

Beseni liliruka mbele. Maji na povu lake yalinilowesha mimi, yakampata Bi Rehema kuanzia kilemba, yakaendelea mpaka kwenye mashine ya Godi, ikalia kama paka aliyekanyagwa na taa yake ikazima, na kishati kikaenda kutua begani kwa mwalimu Elisha kama cheo. Sasa kimya kikarudi, ila hiki kilikuwa kingine.

Minza hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Alinishika kwapani akaninyanyua, akanishusha ngazi. Tulipofika nje ndiyo akasema.

"Bibi, walikuwa hawajahama. Walinyamaza kwa sababu walikuwa na mimi."

Akafunika uso. Na machozi yale hayakuwa ya kufundishwa.

Nikamsikia Godi ndani anamwambia mwalimu kwamba vipande vya wenzake vimesalimika lakini mashine leo haiwaki tena, na wageni wanatakiwa kuondoka jioni hiyo hiyo. Mwalimu Elisha akasema jamani tumhurumie huyu binti. Bi Rehema alikuwa anajikamua gauni, mama wa watu, wala hakutukana, akasema yeye kwa macho yake alikuwa ameanza kumwona Minza, ila wanaochagua wako Dar, na wao wataona tu kilichorekodiwa. Mwishowe wakakubaliana watarekodi upya kwa simu ya mwalimu, mara moja tu, na kwa kuwa simu inanasa kila kitu, pasiwe na sauti yoyote, ndani wala nje. Mwalimu aliposema wala nje, wote wakatugeukia sisi watatu, maana Holo na Kwandu walikuwa wameshanifuata pale mlangoni.

Basi wakatufungia mlango. Tukakaa chini ukutani, juani, mimi nimelowa, miguu tumenyoosha, kanga tumejifunika vichwani kwa aibu. Kwandu alinipa filimbi yake nikaikalia.

Na hapo nikasikia gari la sabuni linarudi.

Linatoka upande wa stendi, muziki juu, vijana wanalifuata wakicheza, linakuja kwetu moja kwa moja, na ndani mtoto wangu anafua. Sikufikiri. (Najua, na mara ya kwanza sikufikiri, lakini hii ilikuwa kutofikiri kwa namna nyingine.) Nikanyanyuka na goti langu, nikaenda kusimama katikati ya barabara, mikono kichwani, nimelowa hivyo hivyo. Gari likasimama. Dereva anaitwa Jumanne, nilimuuliza jina baadaye, akatoa kichwa, akanitazama, akawatazama na wale wawili waliokaa chini na kanga vichwani, na mtu wa kwetu akiona wanawake wamekaa chini namna ile haulizi mara mbili. Akazima muziki.

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma kama anavyosalimiwa mama. "Kuna msiba?"

Nikafungua mdomo kusema hapana, nikasikia kimya kilivyokuwa kizuri.

"Kuna mama humo ndani amefiwa na mtoto," nikasema. "Mchanga. Anafua nguo yake."

Mtangazaji akaweka kipaza sauti chini. Jumanne akavua kofia, akasogeza gari pembeni taratibu, akashuka, na watu wa kwetu mnatujua, msiba haupitwi, akaja akakaa na sisi. Vijana waliokuwa wanacheza wakakaa. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya dagaa akaitua, akakaa. Mwendesha bodaboda akazima pikipiki akaja akatupa pole, akakaa. Mtaa mzima ukawa kimya, na mimi nikawa katikati, siwezi kusema kweli wala siwezi kuondoka, nikaanza kulia mwenyewe, na bila mate. Nililia kwa sababu kupitia ule ukuta nilikuwa nasikia maji. Yanafikichwa, yanakamuliwa, yanaacha kidogo, halafu yanaanza tena. Nikaelewa sasa kwa nini hapigi yowe. Mwenye kupiga yowe anajua mtoto amekwenda. Huyu wa Minza alikuwa bado anamwandalia nguo.

Jumanne akaenda kwenye gari, akarudi na miche mitatu ya sabuni, akaniwekea mapajani kwa mikono miwili. "Rambirambi, mayu. Ndicho tulichonacho."

Mlango ukafunguliwa. Akatoka Minza, nyuma yake mwalimu Elisha na Bi Rehema, wakakuta barabara imejaa waombolezaji. Jumanne akasimama, akamtazama ile mikono iliyosinyaa kwa maji, akasema, "Pole sana, dada. Bwana ametoa, Bwana ametwaa."

Minza akanitazama mimi, akatazama sabuni, akaelewa. Bibi yako ukimfahamu, unaelewa haraka. Ilibidi nisimame niseme mwenyewe, mbele ya mtaa wote, kwamba hakuna aliyekufa, ni mchezo, na huyu ni mjukuu wangu, na walikuwa wanarekodi. Mama wa dagaa alisonya, akanyanyua ndoo yake. Bodaboda aliniambia bibi na uzee huo. Yule mtangazaji ndiye aliyeanza kucheka, akafuata Jumanne, na Bi Rehema akacheka mpaka akajishikiza kwa mwalimu Elisha, na mimi nikatamani ardhi inimeze na sabuni zangu. Nilimrudishia Jumanne, akakataa, akasema yeye alishaomboleza na hawezi kuirudisha ile huzuni.

Minza alichukuliwa. Hivi ninavyowasimulia yuko Dar, anasoma, na kwenye tamthilia wamempa nafasi ya mke mdogo mwenye roho mbaya, na anaifanya vizuri mpaka Masanja (aliyesema habari ya michezo iishe) anagombana na watu kilabuni kumtetea. Alipopigiwa simu ya kuitwa alinieleza kwamba wale waliochagua walimuuliza, ile ya simu mliirekodia wapi, kando ya barabara, mjini, mchana, na hata ndege hasikiki?

Akawaambia, "Nje alikuwepo bibi yangu. Alikuwa ananivutia watu."

Siku akionekana runingani naenda kwa Kwandu, mwenye runinga ni yeye. Naenda peke yangu, nakaa nyuma, mikono naibana katikati ya magoti. Akitoka Minza, nyumba nzima inanyamaza, na Holo (ambaye anakuja bila kualikwa) akianza kuvuta pumzi ya kigelegele, namkanyaga mguu.