Kilichokuwa Chini ya Tangazo Langu

Iko siku moja, mjukuu wangu, ambayo nikiikumbuka uso bado unanichoma, ingawa miaka ya tisini imepita zamani. Juzi ulinionyesha kwenye simu tangazo la muziki wenu, ukaniuliza, "Shosho, iko sawa?" Nikakujibu iko sawa. Sikukwambia yote. Leo kaa nikueleze.

Nilikuwa msichana wa cherehani hapa Nairobi, pale Kawangware, kwenye kitongoji kinachoitwa Kongo, na kwa udadisi hakuna aliyenishinda. Majirani wakinong'ona, mimi nimeshatega sikio ukutani. Ndivyo nilivyomsikia binamu yangu Wekesa akipiga litungu, ala yetu ya nyuzi kutoka nyumbani, Magharibi mwa Kenya. Niliacha kitambaa kwenye mashine nikaenda kumuuliza mbona anajifungia chumbani na kitu kitamu hivyo.

Wekesa alikuwa akiishi kwa kaka yake, fundi wa mjengo, na kaka mwenyewe alikuwa amechoshwa na nyuzi hizo. Akampa sharti: "Piga hiyo kitu mbele ya watu mara moja. Wakikosa kuja, unaiweka juu ya kabati na tunaenda mjengo." Nikamwonea Wekesa huruma, nikajitolea kuita watu. Tukapewa ukumbi mdogo wa mabati kule Kibera, Jumamosi mchana, bora tuufagie wenyewe.

Pesa ya kuchapisha haikuwepo. Niliomba mifuko mitupu ya saruji, nikaikung'uta hadi nikapiga chafya, nikaikata vipande ishirini. Nikaandika kwa wino mwekundu, nikapika gundi ya unga wa ngano. Nilijiona mjanja sana, tena niliwaambia watu hivyo.

Ukuta mzuri kuliko zote ulikuwa kando ya kioski cha maji cha Mama Nafula, maana hapo kila mtu alipanga foleni na mtungi wake. Nilibandika alfajiri, mbio mbio, kabla ya kwenda kazini. Kulikuwa na karatasi nyingine hapo, nikaweka yangu juu yake. Sikuisoma. Mimi niliyetaka kujua kila kitu, hiyo moja sikuisoma.

Siku tatu zikapita bila mtu kuniuliza habari za muziki. Jambo hilo lilinisumbua mno. Nikachukua mtungi, nikajipanga kwenye foleni kama mteja, kumbe nilikuwa mpelelezi. Mwanamume mmoja alisoma tangazo langu, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mama wawili walisoma, mmoja akasema, "Hawa vijana hawana haya." Nikafikiri labda wameokoka na hawapendi muziki wa dunia. Lakini mbona walisikitika namna ile? Zamu yangu ilipofika nikamuuliza Mama Nafula.

Alifunga mfereji kwanza. "Wewe, Nasimiyu. Ulisoma chenye ulifunika?"

"Chenye gani, Mama?"

"Toa uone."

Nikabandua. Chini yake palikuwa na karatasi ya daftari, mwandiko wa mtoto wa shule. Baba Achieng, fundi wa viatu, amefariki. Majirani wanaombwa kukutana kila jioni kwenye ploti ya vyumba vya kupanga anayoishi mjane, wamsaidie kumrudisha marehemu nyumbani akazikwe. Chini kabisa, njia ya kufika kwenye hiyo ploti.

"Tangu ubandike, watu wamepungua," Mama Nafula akasema. "Jana mjane aliniuliza, mzee wake alikosea nani."

Mwanangu, mtungi ulinitoka mkononi. Nilitamani anitukane, ningepona haraka. Lakini alinitazama tu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unataka watu wakuje kwako. Na wewe umeenda kwa nani?"

Siku hiyo sikushona. Nilizunguka Kongo nzima nikibandua matangazo yangu. Karatasi nyingine sikuwa nayo, basi niliyageuza upande wa pili na kuandika habari ya matanga, pamoja na njia ya ploti. Gundi ilikuwa imeisha, nikayapigilia misumari juu tu. Upepo ukivuma karatasi ilipinduka, na wale wadadisi wenzangu wakawa wanaiinua wasome tangazo langu la muziki nyuma. Niliona aibu tena.

Nilimwendea Wekesa nikilia. Nilimwambia nimeharibu, hatuna tangazo hata moja, na Jumamosi ni keshokutwa. Akatia litungu kwenye gunia. "Twende tuombe msamaha," akasema.

Jioni hiyo ploti ilikuwa imejaa watu. Nikasimama mbele yao, nikaeleza nilichofanya kwa ajili ya muziki wetu wa Jumamosi kule Kibera. Mama Achieng, yule mjane, akainua uso.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama. Nisamehe."

"Basi keti. Usisimame hapo kama askari." Kisha akamgeukia Wekesa. "Na hiyo gunia iko na nini?"

Wekesa akamwonyesha. Mjane akaigusa kwa kidole, akauliza nani aliichonga na nyuzi ni za nini. "Kwetu tuko na nyatiti," akasema. "Hii ni ndugu yake. Mzee wangu angekuwa hapa, angekuuliza maswali mpaka uchoke." Akacheka, halafu machozi yakamtoka, akamwambia apige. Wekesa akapiga polepole.

Marehemu alisafirishwa Ijumaa. Jumamosi tulifagia ukumbi, tukakaa. Saa tisa hapakuwa na mtu, isipokuwa kaka yake Wekesa aliyesimama mlangoni na saruji kwenye viatu, akingoja sharti lake. Ndipo nikasikia miguu. Mama Nafula alikuwa amefunga kioski, akaja kwa miguu kutoka Kawangware na watu wa ile ploti nyuma yake. Mama Achieng, kabla ya kupanda basi, alikuwa amewaambia, "Yule kijana, mwende mumsikize." Viti vya nyuma vilibaki vitupu, sitakudanganya, lakini Wekesa alipiga hadi jua likashuka.

Kaka hakukaa kitini hata mara moja. Tulipomaliza akasema, "Jumatatu ni mjengo. Jumamosi piga yako." Na kwa miaka mingi ikawa hivyo.

Basi nasaha yangu ni hii. Simu yako nayo ni ukuta, na watu wameandika mambo yao hapo kabla yako. Soma kwanza. Uliza Jumamosi yenu mtaani kuna nini, nani amefiwa, nani anaozesha mtoto, kisha uende kwao kabla hujawaita kwako. Usipoenda, usishangae viti vikikosa watu.

Mungu akupe watu wa kukusikiliza, mwanangu, na kabla ya hao akupe sikio la kuwasikia. Haya, lete hiyo simu tuangalie tena.