Siku Nilipowatosa Mgambo wa Kwaluguru Lamboni

Naona aibu kuisimulia hii, lakini kwa kuwa mmeshaisikia kwa watu wengine (tena wakiitia chumvi), bora muipate kwangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mchungaji jeshini, na ndio kwanza nimepandishwa kuwa meja, mkuu wa wachungaji wote wa brigedi yetu. Nikiwa likizo kwangu Korogwe nikaombwa kwenda Kwaluguru kubatiza mtoto wa rafiki yangu, na mke wangu aliponiona ninavaa magwanda akashangaa, "Baba Neema, si uvae suti? Unakwenda kubatiza, huendi vitani." Nikamwambia suti imechafuka. Uongo mtupu! Nilitaka watu wavione vile vyeo vipya mabegani.

Na kweli wakaviona, maana nilipofika tu kijijini mwenyekiti, Mzee Sekiete, akanikimbilia. "Karibu Ndugu Meja, mgambo wanakusubiri tangu saa moja!" Kumbe walikuwa wakimngoja ofisa wa kuja kuwakagua. Hapo ningesema tu mimi ni mchungaji yangeisha, lakini watu thelathini walikuwa wameshabana visigino, bunduki za mbao begani, wananitazama mimi (nanyi mnanijua mimi na sifa), nikasema moyoni ngoja nikague dakika mbili halafu nitajieleza.

"Mbele, tembea!"

Wakatembea, vizuri ajabu, moja kwa moja kuelekea lambo la kunyweshea ng'ombe. Sasa amri ya kuwageuza, ndugu zangu, ikanitoka kichwani yote. Miaka yote ile jeshini gwaride nalitazama tu nikiwa nimeshika Biblia! Wakafika ukingoni, jasho linanitiririka, nikafungua mdomo nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Tuombe!"

Wachache wakafumba macho huku wanatembea. Wengine hawakuelewa, wakaendelea. Wote wakaingia, maji mpaka kifuani, bunduki za mbao zikaelea.

Bibi mmoja aliyekuja kuchota maji akanikazia macho. "Wewe si ndiye mchungaji wa ubatizo?"

"Ndimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Uliitiwa mtoto mmoja, mwanangu, mbona umezamisha kijiji kizima, na Waislamu humo humo?"

Watu wakaangua kicheko, na katikati ya kicheko hicho ofisa mwenyewe, kapteni, akashuka kwenye Landrova. Akanipigia saluti kwanza, kwa kuwa cheo kilimlazimisha, kisha akatazama lamboni. "Afande, hili ni zoezi gani?"

Nikavua viatu nikaingia kuwavuta, na kila niliyemshika mkono nikamwomba radhi.

Kambini habari zilinitangulia. Mkuu wa brigedi akaniamuru nifanye kwata wiki tatu pamoja na makuruta, chini ya sajini ambaye Jumapili huniimbia kwaya. "Meja, inua goti hilo!" Basi makuruta waliokuwa wakiniogopa wakaanza kuniletea shida zao, maana wameniona nami nafokewa kama wao.

Lakini msinisifu kwa hilo. Nilimdanganya mke wangu kwa mdomo, nikawadanganya watu wa Kwaluguru kwa kunyamaza. Tangu siku ile sijaamrisha hata mbuzi ageuke, na nikiitwa mbele za watu nasema kwanza mimi ni nani, ndipo nasimama.