Kengele ya Baiskeli Kutoka Kibua

Sokoni Kibua nilimuuliza tena na tena muuza vipuri vya zamani vya baiskeli kama mwenye kengele niliyoichagua kwake alikuwa hai; sikutaka kitu cha marehemu.

"Kaka, unanunua kengele ao unaoa?" akacheka.

Nikainunua, nikaifunga kwenye baiskeli yangu.

Karibu na Itebero niliipiga kwenye kona. Mama mmoja mzee akatoka mbio nyumbani kwake na kikombe cha maji. Alinitazama usoni, kisha barabara nyuma yangu.

"Hii kengele ni ya mutoto wangu. Yeye iko nyuma?"

Nilimwambia niliinunua sokoni. Akanipa maji hata hivyo, akaendelea kuangalia barabara. Nilipoondoka, niliifunika kengele kwa kiganja, isije ikalia kwenye mawe.