Udongo Nisiouonja

Enzi zetu udongo wa miche haukuuzwa kwa mfuko. Kwetu Bungi, mama yangu akiotesha miche ya matunda nyuma ya nyumba, na udongo akiuchanganya mwenyewe: mweusi wa chini ya miembe, mchanga wa bondeni, na samadi ya ng'ombe iliyokwisha kupoa. Huchota konzi moja, akaifinya, akainusa, kisha akaigusisha ulimini. "Udongo huonjwa kama mchuzi," akisema. Sisi watoto tulijaza vifuu na makopo ya maziwa, kisha mwalimu wa chuo cha Kurani akatuchapa kwa uchafu wa kucha.

Mwaka mmoja upepo uliung'oa mshokishoki wa marehemu bibi, matunda yakiwa juu. Kijiji kizima hakikuwa na mwingine mtamu vile. Mama alitoa mbegu kumi na mbili, akaziotesha siku ile ile, maana mbegu ya shokishoki haingoji. Miche ilipotoa majani manne, akanituma bondeni nikachote mchanga ili tuihamishie makoponi.

Bondeni ni mbali, na wenzangu walikuwa wanacheza nage. Jirani yetu Bi Mwaka alikuwa akipiga makumbi ya nazi ya kusokotea kamba, na unga wake umelundikana pembeni, laini, mwepesi. Nikajaza kapu, nikaihamisha miche yote peke yangu, nikaenda kucheza. Nilijiona fundi.

Baada ya siku chache ncha za majani zikaungua. Mama akaniita.

"Naam."

"Umetia nini humu?"

"Unga wa makumbi, wa Bi Mwaka."

Akachota kidogo, akanipa. "Onja."

Chumvi tupu. Makumbi yale yalifukiwa pwani miezi mingi ili yalainike, na mimi mwenyewe nilikwenda kusaidia kuyafukia. Tulibadilisha udongo, tukamwagia maji ya mvua, lakini haukupona hata mche mmoja. Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Leo nina kitalu changu. Mtoto wa kaka yangu, anayenisaidia kazi, hununua sokoni Darajani unga wa makumbi uliokwisha kuoshwa, kisha huiuliza simu yake kama unafaa. Akiniona nauonja hucheka: "Shangazi, ushaanza kula udongo?"

Miche yake haifi, hilo sikatai. Mishokishoki yetu husifiwa na kila mteja. Nami kila nikipewa shokishoki hulionja taratibu, na utamu ule sijaukuta tena.