Keki ya Mabaka

Picha ndiyo iliyoniponza. Ilikuwa kwenye ukurasa wa gazeti la mapishi ambao shangazi yangu alikuwa ameufungia sabuni alipokuja kutusalimia kutoka Dar es Salaam. Keki nyeusi ya kokoa, imekatwa vipande vya mraba, na juu yake jibini jeupe limevurugwa kwa ncha ya kisu mpaka nyeusi na nyeupe zikaingiana. Niliikodolea macho picha ile hadi mama akaniuliza kama kuna mtu ninayemfahamu humo ndani.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Sisi tuliozoea kupanga foleni kwa ajili ya mche wa sabuni, ghafla tukaona maduka ya Bariadi yamejaa vitu ambavyo hata wenye maduka hawakujua vinaliwaje. Kopo la kokoa niliuziwa na mtu aliyeniapia kwamba ni dawa ya kifua. Wanunuzi binafsi wa pamba nao walikuwa wameingia, na karani wao mmoja, kijana wa Lalago mwenye maneno machache na meno mazuri, akanipenda. Nami nilimpenda, tena sana, sioni sababu ya kuzunguka.

Kikwazo kilikuwa bibi yake. Ndiye aliyemlea, na alikuwa ameapa kwamba mjukuu wake haoi msichana wa chuo cha Mwanza mpaka yeye mwenyewe aonje mapishi yake. Alisema sisi wa vitabu tunajua kuchemsha maji tu. Mshenga alitufikishia maneno hayo bila kupunguza hata moja. Akaongeza kwamba siku ya kuzungumzia mahari bibi atakuja mwenyewe, pamoja na baba mdogo wa kijana, mfugaji mkubwa ambaye naye ni mgumu kama gogo.

Msichana mwenye akili angepika wali na kuku, akatulia. Mama alipika wali na kuku. Mimi nikasema bibi huyo nitamziba mdomo kwa keki ya kwenye picha.

Jibini Bariadi halikuwepo. Lakini maziwa yalikuwepo, maana baba alifuga, na maziwa mgando hayakukosekana kwenye kibuyu cha mama. Nikayamimina kwenye kipande cha kanga, nikafunga, nikaning'iniza kwenye mwamba wa jiko ili maji yatoke. Mama alipoingia akakuta maziwa yake yananing'inia na mbwa amekaa chini yake amefungua mdomo.

"Ng'wanone, mwanangu," akasema, "unayanyonga maziwa yamekukosea nini?"

"Natengeneza jibini, mama."

"Wageni wako njiani, wewe unatengeneza jibini!"

Tukagombana. Mimi nikikasirika mikono huwa inakwenda mbio kuliko kichwa. Nilipiga mayai, nikamwaga unga, nikamwaga kokoa, nikayeyusha samli mahali pa siagi, huku nafoka. Sukari ilikuwa kwenye bati dogo juu ya kabati. Nikamwambia mama, aliyekuwa nyuma yangu na birika lake la chai, "Tia sukari yote ya kwenye bati!" Akatia. Nikamwaga rojo kwenye sufuria, nikapaka jibini juu, nikavuruga kwa njiti ya ufagio niliyoiosha vizuri. Kisha nikaiweka ndani ya sufuria kubwa lenye mchanga, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, nikapiga magoti na kupepea mpaka nyusi zikanuka kuungua.

Ilipotoka niliruka. Ilikuwa ile ile ya kwenye picha! Nyeusi tii, ina mabaka meupe, mengine mapana, mengine yamejikunja. Sikuikata. Nilitaka bibi aione nzima kwanza.

Wageni wakafika. "Mwadila, mayu," "Mwadila, baba," na habari za mvua, za pamba, za ng'ombe wa kila mtu. Mimi kama mwenye kuposwa sikutakiwa kuonekana, kwa hiyo nilisimama nyuma ya pazia la mlango wa ukumbini, jicho moja kwenye tundu. Wali ukaliwa. Bibi akala kidogo na kusema huo umepikwa na mama mtu, anaujua mkono wa mtu mzima. Yeye anasubiri wa binti. Chai ikamiminwa, na wote wakaisifu, hasa bibi, aliyesema hajawahi kunywa chai tamu namna hiyo tangu aolewe. Ndipo mama akaleta keki, akaiweka katikati ya meza.

Baba mdogo aliinua kikombe, kikaishia njiani.

Akainama. Akaizunguka meza, akaitazama keki upande wa huku na upande wa kule. Halafu akamgeukia baba yangu.

"Nani amewaambia habari za ng'ombe wangu?"

Kumbe mzee huyo alikuwa na ng'ombe mmoja jike mweusi wa mabaka meupe. Lalago nzima ilimjua, na jioni alikuwa akimwimbia. Kwetu mfugaji anasoma ngozi ya ng'ombe kama wengine wanavyosoma gazeti, na ngozi ya huyo wake ndiyo iliyokuwa pale mezani, imetandikwa kwenye sinia. Mzee aliamini tumeipika ili tumwambie bila kusema kwamba mahari haikamiliki bila yule.

Baba yangu hakuelewa lolote. Lakini yeye hajawahi kukubali hadharani kwamba hajui jambo. Akakunja nne, akajibu taratibu, "Tunajua mengi."

Nilitamani kupasuka. Mzee akasema huyo hatoki zizini labda yeye afe kwanza. Baba akasema hatumlazimishi mtu, huku bado hajui tunazungumzia nini. Mshenga akaanza kufuta jasho. Niliona harusi yangu inatoka mlangoni na kofia yake kichwani, na yote kwa sababu ya njiti ya ufagio. Machozi yakanitoka.

Bibi peke yake hakujali. "Ngozi au si ngozi, ndiyo kazi ya binti hiyo," akasema. "Nikatieni nionje."

"Ngoja, mayu, nianze mimi," akasema baba mdogo. "Ng'ombe ni wangu."

Akakata kipande, akatia mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna, akamtazama bibi, kisha akaendelea. Akanywa chai, kikombe kizima. Halafu akalivuta sinia lote mapajani mwake.

"Sikilizeni," akasema. "Mmeomba ng'ombe huyu. Basi namla hapa hapa, wote mkiona. Akiisha, asiombwe tena!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata baba. Mzee akala. Alikata, akatafuna, akashushia na chai, akaomba kikombe kingine, akakata tena. Bibi alinyoosha mkono mara kadhaa na kila mara mzee alisogeza sinia, akisema nyama ya ng'ombe wake haigawiwi. Mwisho bibi akachoka kucheka, akajifuta macho na kusema, "Haya, aliyeweza kumfanya huyu mchoyo ale hivi, anajua kupika. Mchukueni binti." Mahari ikazungumzwa na ikaisha kabla jua halijazama.

Unadhani nilishukuru? Nilifurahi kuolewa, lakini yule mzee nilimwekea kinyongo. Nilining'iniza maziwa, nikaunguza nyusi, na sikuonja hata chembe. Kwa ajili ya ubahili wa ng'ombe!

Siku ya kuleta mahari, ng'ombe walikuja na vumbi lao, na mbele yao anatembea baba mdogo mwenyewe, ameshika kamba ya mtamba mweusi wa mabaka meupe. Alikuwa binti wa yule anayeimbiwa. Hakuna aliyemwomba. Nikatoka kumpokea, nikapiga magoti, na kinyongo changu kikanitangulia mdomoni.

"Baba, umeshamla huyu siku ile, mbona unamleta tena? Na mimi keki yangu sikuionja."

Akatazama kama bibi yuko karibu. Bibi alikuwa mbali, anahesabu pembe. Mzee akainama kama anayenong'ona na mtamba wake.

"Ng'wanone, haikuwa na sukari," akasema. "Hata punje. Angeionja yule, leo tusingekuwa hapa."

Nikageuka kumtazama mama, aliyesimama mlangoni na birika la chai mkononi.